Mtani Wangu na Wimbo wa Batuli

Wiki ya Muziki wa Laivu ilipokuja Tabora, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaelekeza watu. Kila asubuhi nilikaa redioni, Julieth mtangazaji akanikaribisha, nami nikawaambia wasikilizaji leo nani anapiga wapi, na kama inafaa waende au walale zao. Walinichagua kwa sababu nimeimba katika mji huu tangu nina nywele, na kwa sababu nina mdomo mchafu ambao watu wanaupenda. Sharti langu lilikuwa moja tu: bendi yetu, Isevya Sauti, ndiyo ifunge wiki Jumamosi uwanjani. Wakakubali haraka. Nadhani hakuna mwingine aliyeitaka nafasi hiyo, maana Jumamosi jioni kulikuwa na mpira kwenye televisheni.

Siku chache kabla, daktari aliniita kunipa majibu ya kinyama walichokata kooni mwangu wakakipeleka Mwanza kupimwa. Ni saratani, akasema. Nitakwenda Mwanza Jumatatu baada ya hiyo wiki ya muziki, na huko wataondoa koromeo lote. "Utapumua kwa tundu la shingoni, Mzee Twalibu, lakini utaishi." Nikamuuliza, na kuimba je? Akageukia kompyuta yake akaanza kuandika kitu. Kabla sijatoka alinikataza kuimba, kupiga kelele na kuongea sana. Nikatoka hapo nikaenda moja kwa moja redioni kukubali kazi ya kuongea wiki nzima.

Msinione mjinga. Nilikuwa na wimbo mmoja.

Bendi za dansi kama yetu zinaishi kwa kutaja majina. Mtu anapanda jukwaani anakutunza, unalitia jina lake katikati ya wimbo, anarudi kukaa akiwa mrefu kuliko alivyoinuka. Nimewataja wenye mabasi, wauza asali, wachuuzi wa tumbaku, waheshimiwa walioshinda na walioshindwa. Mke wangu Batuli alinikataza kumtaja. Alisema hataki jina lake lipite mdomoni mwangu likiwa limebanwa katikati ya mwenye duka la mbao na mgombea udiwani. Nilitii miaka yote ya ndoa yetu. Alipougua, akiwa amebaki mifupa, aliniambia kwamba sasa naweza kumwimba, ila uwe wimbo wake peke yake, na niuimbe mahali watu wanaposikiliza.

Nikautunga taratibu baada ya kumzika. Haukuwa wimbo mrefu. Ulianza chini, kama mtu anaongea na mwenzake jikoni, halafu ulipofika kwenye jina ulipanda pole pole, ngazi kwa ngazi, kwa tahadhari. Sikuupeleka baa, wala sikumwimbia mtu yeyote; bendi walijua tu kwamba upo. Niliungoja mahali panapostahili, na nilipokuwa naungoja, koo likaanza kuniuma. Sasa sauti ilikuwa haipandi tena. Nikifika kwenye jina palikuwa na hewa tu. Dawa ilikuwa moja: kuushusha wimbo mzima, niupate pale chini ambako sauti bado ilikuwepo. Na mtu pekee duniani anayejua sauti yangu ilipo siku yoyote ile, hata kama nimeamka nayo vibaya, ni Shaban mpiga gitaa.

Shaban ni Mzaramo. Babu yake aliletwa Tabora na reli akashindwa kurudi. Mimi ni Mnyamwezi. Babu zangu walibeba pembe na mizigo ya watu hadi pwani, wakipita katika nchi ya babu zake, na huko njiani ndiko tulikoanza kuwa watani. Ndiyo maana kwa miaka yote tuliyopiga pamoja sijawahi kusikia neno la kweli kutoka kwake, wala yeye kwangu. Mama yangu alipofariki, Shaban alilala kwenye jeneza akagoma kutoka mpaka alipwe haki yake ya mtani. Alipozaliwa mtoto wake wa kwanza nilikwenda na gunia nikisema nimekuja kumchukua, nina mzigo wa kumbebesha. Hatukuwahi kuombana radhi. Tulipendana hivyo, na niseme wazi, nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Jumatatu ya kwanza redioni, Julieth alinisalimia hewani, "Shikamoo Mzee Twalibu," nikaitikia marahaba, nikaanza kazi. Nikawaambia kuhusu taarabu ya ufunguzi kule Gongoni, kwamba waende mapema wakae karibu na mlango, maana kinanda kile kimoja hupiga ala zote peke yake na wapigaji wengine wamekuja kusindikiza. Julieth akacheka. Kisha akaniuliza kuhusu bendi yangu.

Nikasema: "Jumamosi njooni uwanjani kwa wingi. Baada ya hapo sauti yangu inakwenda kuzikwa Mwanza."

Nilisema kweli tupu, lakini ilitoka kwa sauti ileile niliyoisemea kinanda. Sina nyingine. Julieth akacheka mpaka akakohoa. Simu ikaingia hewani, na kabla aliyepiga hajajitambulisha nilishajua ni nani.

"Hapa ni mtani wake, Shaban Mzaramo," akasema. "Nawatangazia wakazi wa Tabora kwamba maiti ya Mnyamwezi haijaoshwa, na mimi sijalipwa changu. Kwa hiyo mazishi hakuna. Arudishwe nyumbani akae akisubiri."

Mji mzima ulicheka. Nilipotoka redioni, mwendesha bodaboda pale nje aliniamkia, "Shikamoo marehemu." Mama muuza vitumbua akaniuliza kama huko ahera kuna mikopo. Kila nilipopita ilikuwa marehemu, marehemu, na wengine wakanipa asali, maana Tabora ukikohoa tu watu wanakuletea asali. Nyumbani kwangu Itetemia chupa za asali zilijaa mpaka sisimizi wakahamia.

Jumanne nilimfuata Shaban kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, jirani na soko kuu. Nilikaa kwenye stuli ya wateja. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani kama mtoto anayetumwa dukani.

"Shaban, naumwa. Ni saratani. Wanakata koromeo Jumatatu ijayo. Nataka tukae leo tuushushe wimbo wa Batuli, niuimbe Jumamosi. Sitaimba tena baada ya hapo."

Alikuwa ameinamia simu ya mtu, kifaa mkononi. Hakuinua kichwa. "Sanda nimeshanunua," akasema. "Ila ni fupi. Tutakukata miguu, si unajua Wanyamwezi mna miguu mirefu ya kutembelea na mizigo ya watu."

"Sifanyi utani."

"Hapo ndipo unaponoga, ukisema hufanyi utani."

Hasira ikanipanda. Niliushika mkono wake nikaunyanyua nikauweka shingoni kwangu, penye uvimbe. Aliugusa. Vidole vyake vikakaa hapo, havikutoka haraka. Nikamwona anameza mate. Nikasema moyoni, sasa ameelewa.

"Mnyamwezi," akasema, "umemeza kokwa." Akaondoa mkono, akaanza kucheka peke yake, akaendelea kucheka hata mteja aliyekuja na simu yake akabaki ameduwaa. Nikaondoka. Ukijibu utani kwa ukali umeshindwa, na Shaban hakuwahi kuridhika na ushindi wa aina hiyo; ningekaa pale angezidisha tu.

Siku iliyofuata niliwaelekeza watu kwa vijana wa mjini waliokuwa wapige ukumbini Kanyenye. Nilikwenda mwenyewe mchana kuwaona wakijaribu vyombo. Vyombo vyenyewe vilikuwa kompyuta moja. Kijana anafungua mdomo, sauti inatoka hata akiwa amegeuka kunywa maji. Nikamuuliza laivu ni ipi hapo. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mzee, mimi mwenyewe si nipo hapa?" Labda ndivyo ilivyo sasa, mtu akiwepo inatosha.

Nilirudi nyumbani na wazo kutoka kwa kijana yule. Nikafunga mlango, nikaweka simu mezani, nikabonyeza ya kurekodi, nikauimba wimbo wa Batuli mpaka mwisho. Nikasikiliza. Mwanzo kulikuwa na mkwaruzo, kama gogo linaburutwa juu ya mawe. Nikajishusha mwenyewe, nikaanza tena kutoka chini zaidi, lakini bila gitaa nilipotea, kila mstari ukajitafutia njia yake. Na kila mara nilipofika kwenye jina palitoka pumzi tu. Mtu asiyeujua wimbo angedhani simu imeharibika. Nikafuta. Nikafuta yote, na kila nilipofuta nilijua sauti iliyotumika hairudi. Nilikaa kitandani pa Batuli nikaona aibu, kwa sababu hata akisikia huko aliko, hatajua kwamba anaitwa.

Alhamisi walikuja wapiga ngoma wa Puge. Hao niliwasifia redioni bila kejeli hata moja, mpaka Julieth akaniuliza kama niko salama. Kiongozi wao anaitwa Ngollo, mtu mzima mwenye mabega ya kulimia, na alipoanza kupiga uwanjani mchana ule watu walitoka madukani na kanga za vichwani na tepu za kupimia shingoni. Shaban alikuwepo. Nikamvuta nyuma ya lori lililowaleta, nikamwambia sikiliza tu, usijibu. Nikauguna wimbo, bila maneno, karibu na sikio lake. Nilifika mahali pa kupanda nikamwonyesha kwa mkono, hivi, hivi, hivi, taratibu. Ngoma za Ngollo zilikuwa zinatikisa bodi la lori.

"Umesikia?"

"Nimesikia Mnyamwezi ananipulizia sikioni," akasema. Lakini hakucheka. Akatazama pembeni, akasema anakwenda kununua maji, na hakurudi.

Ijumaa redio ilinipeleka Isikizya, kwenye kwaya zilizokuwa zinaimba mbele ya ofisi za wilaya. Nilitakiwa kutangaza kutoka hukohuko. Niliongea kutwa. Sauti ilikuwa inakatika kati ya neno na neno, na kila ilipokatika watu waliokuwa wananisikiliza walidhani nafanya makusudi, wakacheka. Niliporudi mjini bendi ilikuwa imekusanyika Isevya kwa mazoezi. Nilikuta wanapiga nyimbo zetu za zamani, zile za kutaja majina. Nikamwambia Shaban mbele ya wote, tuanze na wa Batuli.

"Huo tutaupiga ukifufuka," akasema.

Mpiga besi akacheka, mpiga tumba akacheka. Nilitaka kupiga kelele na kelele haikutoka. Nikakaa chini kwenye spika. Walipiga nyimbo za zamani zote na Shaban hakunitazama hata mara moja. Mtu aliyenitazama midomo miaka yote ili ajue ninaelekea wapi, siku ile alipiga akiwa amenipa mgongo.

Jumamosi watu walijaa kuliko nilivyotegemea. Mpira uliahirishwa sababu ya mvua huko ulikokuwa unachezwa, basi wakaja kwetu. Jua lilikuwa bado lipo. Nilimwachia mpiga tumba aimbe nyimbo za mwanzo, mimi nikitikisa kayamba pembeni, nikitunza kile kidogo nilichobaki nacho. Kisha nikashika kipaza sauti.

"Huu ni wa marehemu mke wangu," nikasema. "Nimeambiwa niuimbe mahali watu wanaposikiliza."

"Marehemu mwenyewe anaongea!" mtu akapiga kelele, na kicheko kikapita. Julieth, aliyekuwa mshereheshaji, akapanda akawaomba watulie. Wakatulia. Nakwambia walitulia kabisa. Uwanja mzima ulinyamaza kunisikiliza, na sitasahau kwamba nilikipata kile Batuli alichotaka, japo kwa muda mdogo hivyo.

Nikamgeukia Shaban. Mikono yake ilikuwa juu ya nyuzi na haikucheza. Nikamwangalia nikimwomba kwa macho. Akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtoto anayekataa dawa. Basi nikaanza peke yangu. Mstari wa kwanza ukatoka, mchafu lakini ukatoka. Wa pili ukatoka nusu. Nikafika mahali pa kupanda, nikafungua mdomo kwa jina la mke wangu, na hakukutoka kitu. Nikajaribu tena. Watu wote walinitazama nikiwa nimeachama. Mahali fulani mbele mtoto akaanza kulia.

Hapo ndipo Shaban alipoliacha gitaa. Aliruka chini, akanyakua kanga ya mama mmoja wa mbele, akapanda nayo akanifunika kichwa mpaka kiunoni, akajitupa miguuni pangu akilia kilio cha matanga. "Tua mzigo, Mnyamwezi! Tua! Nani atanilipa mimi!" Uwanja ukapasuka. Watu walicheka, wakapiga vigelegele, wakapanda jukwaani kutunza, nikasikia noti zinatua juu ya kanga kichwani mwangu. Alivaa kofia yangu akaniigiza ninavyotembea, ninavyokohoa. Walimpenda. Ndani ya kanga nililia, na palikuwa mahali pazuri pa kulilia kwa sababu mabega yakitikisika ilionekana ni sehemu ya mchezo.

Jumatatu nikaenda Mwanza. Wakafanya walichosema watafanya.

Shaban alinifuata huko. Aliketi karibu na kitanda, akakitazama kile kitundu kilichokuwa kinapumua chenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane akanisemesha bila utani. Iliniogopesha kuliko kisu.

"Nilijua tangu siku ile uliponishikisha," akasema.  Nikasema Mnyamwezi haondoki mpaka mtani amruhusu, na mimi simruhusu. Nisamehe, ndugu yangu."

Ndugu yangu! Mtu hamwiti mtani wake ndugu yangu. Nilitaka kumtukana ili mambo yarudi yalivyokuwa, lakini tusi nalo linahitaji sauti. Nikamshika mkono. Sikujua kama namsamehe. Mpaka sasa sijui.

Niliporudi Itetemia alikuja na gitaa kila siku. Maneno nilishamwandikia, maneno mkono unaweza. Lakini katika bendi yetu hakuna aliyewahi kusoma noti, na mimi ala sikujifunza hata moja. Ala yangu ilibaki Mwanza kwenye ndoo. Kupiga mluzi siwezi, pumzi inatokea shingoni. Basi Shaban akawa anautafuta wimbo kwa gitaa na mdomo, mimi natikisa kichwa. Alipitia huku, akapitia kule. Nilimwonyesha kwa kidole kikipanda taratibu, naye alipandisha kwa haraka, au alipandisha neno lisilohusika. Alikuwa anatoka jasho. Siku moja akapata njia iliyompendeza mwenyewe. Jina alilirusha juu kwa mkupuo mmoja, kwa shangwe, kama bao limefungwa. Uso ukamng'aa, machozi yakamtoka.

"Ndio wenyewe! Mnyamwezi, niambie kama sio!"

Nikaandika: *Siyo.*

Akasoma, akacheka, na utani wake wote ukarudi kwa mara moja. "Wivu tu huo. Nimekushinda."

Nikaandika tena, kwa herufi kubwa, nikapigia mstari. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akaniambia nimezidi ubishi hata bila mdomo. Alikuwa na furaha. Nadhani alihitaji kuwa amelipa, na aliona amelipa.

Leo asubuhi Julieth alituita redioni. Wanatayarisha Wiki ya Muziki nyingine, na Shaban ndiye atakayeelekeza watu safari hii. Wakamwomba afungue kwa wimbo wa Mzee Twalibu, laivu, nami nikakalishwa pembeni yake kwa heshima, kipaza sauti mbele yangu cha nini sijui. Akaanza. Mwanzo haukuwa mbaya sana. Alipokaribia jina nikaona anakuja nalo kwa mbio zilezile, na nikajua kwamba akilipandisha hivyo hewani, mji mzima utalishika hivyo, na hakutakuwa na mtu duniani atakayejua Batuli aliitwaje.

Nikapiga meza. Nikapiga tena ili aache.

"Wasikilizaji," Julieth akasema, sauti ikimtetemeka kwa huruma, "huyo mnayemsikia ni Mzee Twalibu mwenyewe, anapiga meza kuufuatisha wimbo wake. Pigeni makofi naye popote mlipo."

Nyuma ya kioo mafundi mitambo wakaanza kupiga makofi. Nikapiga kwa nguvu zaidi, kwa viganja vyote viwili, na Shaban, ambaye maisha yake yote amenifuata popote nilipokwenda, akanitazama akatabasamu, akaongeza mwendo.